Mwili wa Mtoto ni Amana ya Nani? Uzito na Presha kwa Watoto wa Shule

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Maswahaba wake wote.



Katika darsa zetu za chuoni tumezoea kuzungumzia presha kama maradhi ya wazee. Tukimwombea mgonjwa wa presha baada ya swala, huwa ni baba au bibi wa mmoja wetu. Na tukizungumzia watoto na chakula, huwa tunazungumzia njaa. Haki ya kufanya hivyo tunayo. Hapa Uganda, uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulionesha kwamba watoto 29 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwetu Burundi hali ni nzito zaidi.

Lakini lipo jambo la pili linalokua pembeni ya hilo la kwanza, nalo ni watoto wa shule wenye uzito uliozidi na presha ya kupanda. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa 8 kati ya 100 duniani. Mwaka 2022 walifika 20 kati ya 100, yaani zaidi ya milioni 390. Mitaa yetu imo katika hesabu hiyo.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si wa tiba. Haya ya tiba nimejifunza kwa ndugu zetu wa kitivo cha tiba na kwa kusoma. Nimeona niyaandike kwa sababu wengi wetu tunasomesha madrasa za wikiendi, na tukihitimu tutakuwa walimu, maimamu na wazazi. Watoto watapita mikononi mwetu.

1. Uzito wa mtoto unajulikanaje?

Kwa jicho, haujulikani vizuri. Kwetu Buyenzi, mtoto akiwa na mashavu na tumbo, watu husema "mashallah, huyu analishwa". Mwembamba akipita, mama yake huulizwa kama nyumbani kuna chakula. Jicho letu limefunzwa kuuona unene kuwa neema na wembamba kuwa aibu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano, mvulana wa miaka 10 ana urefu wa mita 1.40 na uzito wa kilo 45. Mita 1.40 mara 1.40 ni 1.96. Kilo 45 ukigawa kwa 1.96 unapata karibu 23.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa mtu mzima, 23 ni uzito mzuri kabisa, kwani uzito uliozidi huanzia 25. Mtoto hapimwi kwa mzani wa mtu mzima. Kuna majedwali ya WHO ya kila umri, ya wavulana peke yake na ya wasichana peke yake. Kwa mvulana wa miaka 10, akipita 18.5 hivi uzito umezidi, na akipita 21.4 hivi huo ni unene uliokithiri. Basi mvulana wetu wa 23 yumo katika kundi hilo la mwisho, ingawa ukimtazama utasema tu kwamba amenawiri.

2. Presha ya mtoto inapimwaje?

Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni pale moyo unapojikaza kusukuma damu, ya chini ni pale unapolegea.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13 hakuna namba moja ya wote. Madaktari huitazama presha yake kwa umri, jinsia na urefu wake. Wapange watoto 100 wa umri, jinsia na urefu kama wake. Kama presha yake inafikia au inapita ile ya watoto 95 kati yao, ni ya juu. Kuanzia miaka 13, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani uliotolewa mwaka 2017, ambao hutumika katika nchi nyingi, unasema presha ya kawaida iwe chini ya 120 kwa 80, na ikifika 130 kwa 80 ni presha ya juu.

Yako mambo manne ya kuzingatia wakati wa kupima:

Kwanza, mtoto akae kimya dakika tatu hadi tano, mgongo umeegemezwa, miguu imekanyaga chini, na mkono uwe usawa wa moyo.

Pili, mkanda unaofungwa mkononi uwe wa kipimo chake. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo kweli, na mkanda mkubwa kwa mkono mwembamba huificha presha iliyopo.

Tatu, kipimo kimoja hakihukumu. Mtoto hasemwi kuwa ana presha mpaka ionekane juu katika siku tatu tofauti.

Nne, usisubiri dalili. Watoto wengi wenye presha hawaumwi chochote, wanacheza na wanasoma kama kawaida.

3. Uzito na presha vinaungana wapi?

Mafuta yanayojaa tumboni yana kazi yake mwilini, tena si njema. Hutoa kemikali zinazoamsha mishipa ya fahamu ile inayofanya moyo upige kwa nguvu. Huzifanya figo zishike chumvi na maji badala ya kuvitoa, hivyo damu inayozunguka inaongezeka. Mishipa nayo hupoteza ulaini wake. Moyo wa mtoto ukifanya kazi hiyo kwa miaka, misuli yake hunenepa kama misuli ya mbeba mizigo, na moyo mnene si moyo wenye afya.

Bara letu lina takwimu zake. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 51 za Kiafrika zilizopima watoto na vijana zaidi ya 54,000. Walikuta presha ya juu kwa watoto kama 5 au 6 kati ya 100 wenye uzito wa kawaida. Kwa wenye unene uliokithiri, walikuwa kama 31 kati ya 100.

Na je, mtoto akikua si itaondoka? Swali hili lilijibiwa kwa subira ndefu katika mji mdogo wa Bogalusa, jimbo la Louisiana, Marekani. Daktari Gerald Berenson na wenzake walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwapima watoto wa mji huo, weusi na weupe, wakawafuata mpaka utu uzima. Waliona kwamba mtoto mwenye presha ya juu kuliko wenzake mara nyingi hubaki hivyo akikua. Na katika miili ya vijana waliofariki, wengi kwa ajali, walikuta michirizi ya mafuta tayari imeanza kwenye mishipa. Kadiri kijana alivyokuwa na uzito, presha na mafuta ya damu kwa pamoja, ndivyo mishipa yake ilivyokuwa imeharibika. Kiharusi cha mtu wa miaka 45 kinaweza kuwa kimeanza safari yake darasa la nne.

Tahadhari moja hapa. Wembamba si kinga. Mtoto mwembamba mwenye presha ya juu anahitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa sababu huenda tatizo liko kwenye figo au moyo. Na mtoto yeyote mwenye kichwa kikali kisichoisha, kuona ukungu, kuvimba uso, maumivu ya kifua au degedege, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

4. Swali la mama mmoja

Mwaka jana wenzetu wa kitivo cha tiba walikuja kwenye madrasa ninayosaidia kusomesha siku za Jumamosi. Walikuja kupima wazazi. Watoto, kama kawaida yao, wakapanga foleni nyuma ya wazazi.

Wawili nawakumbuka. Mmoja alitoka mbio uwanjani, jasho linamtoka, akapimwa hapohapo. Namba ikawa juu. Akaketishwa, akatulia, akapimwa tena, ikashuka. Siku mbili nyingine ilikuwa ya kawaida. Huyo hakuwa na tatizo.

Wa pili ana miaka 10, mnene kidogo, mpole, hodari wa tajwidi. Yeye alikaa kimya muda mrefu akisubiri zamu yake. Ikasomeka 124 kwa 82. Mtu mmoja aliyekuwa akiandika namba alisema, "Hii nzuri, apite." Dada mmoja wa mwaka wa nne akamzuia, akamwambia, "Nzuri kwako wewe. Huyu ana miaka 10." Alipimwa siku nyingine mbili kwa mkanda unaomfaa. Namba haikushuka.

Mama yake aliitwa. Ni mjane, na mumewe alifariki kwa kiharusi. Anauza chapati na mayai asubuhi, na mtoto hula humohumo kibandani kabla ya shule na baada ya shule. Alisikiliza yote, kisha akanigeukia mimi, akaacha kuwatazama wa tiba. Akasema, "Ustadh, baba yake amekufa kwa ugonjwa huu. Nilisema mwanangu hatalala njaa hata siku moja. Sasa mnaniambia kushiba kwake ndiko kunamuumiza. Hii ni dhambi ya nani?"

Swali hilo si la hospitali. Ni letu sisi tunaosoma dini. Nilimjibu kwa kifupi siku ile, na hapa nalijibu kwa urefu.

5. Sheria inasemaje?

*Mtoto hana dhambi.* Wanazuoni wamekubaliana, kwa msingi wa hadithi ya watu watatu walioinuliwa kalamu, kwamba mtoto hajakalifishwa mpaka abaleghe. Aya ya 31 ya Suratul A'araf, inayoamrisha kula na kunywa bila ya israfu, inamsemesha mwenye akili na uwezo wa kuchagua. Mtoto wa miaka 10 hachagui mafuta ya kukaangia wala hanunui soda ya katoni. Tukimsomea aya hiyo kwa kumkemea, tumemtwika mzigo ambao Mola wake hajamtwika.

*Mwenye kuulizwa ni mchungaji.* Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kila mmoja ni mchungaji na ataulizwa juu ya anachokichunga. Akawataja kiongozi, mume na mke, kila mmoja kwa nafasi yake. Kwa hiyo amana ya mwili wa mtoto imegawanyika. Mama anaulizwa kuhusu kibanda chake, shule inaulizwa kuhusu jiko na uwanja wake, na sisi wa madrasa tunaulizwa kuhusu kile tunachowagawia siku ya Maulidi na ya kuhitimisha juzuu.

*Asiyejua halaumiwi kwa asichokijua.* Mama yule alimlisha mwanawe kwa huruma. Anayetoa riziki ya halali kwa watoto wake yuko katika ibada. Nilimwambia hana dhambi kwa yaliyopita, ila sasa amejua, na elimu ina haki yake. Maradhi ni qadari ya Allah na kutafuta tiba ni qadari ya Allah pia. Mtume (s.a.w.) aliwahimiza Maswahaba wajitibu.

*Madhara huondolewa.* Hii ni kanuni kubwa katika fiqhi, na kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio matano ya sheria waliyoyaeleza Imamu Ghazali na Imamu Shatibi. Likijulikana jambo lenye kumdhuru mtoto, kuliondoa kunatoka kwenye hiari na kuingia kwenye wajibu wa mlezi, kwa kadiri ya uwezo wake.

6. Tumseme vipi?

Adabu hii naiona imepotea hata misikitini. Mtoto mnene huitwa "bonge", "tangi", "sheikh tumbo", na mwalimu hucheka. Suratul Hujurat aya ya 11 imekataza kudharauliana na kuitana majina ya kuudhi, na haikuwatoa watoto. Maswahaba walipoucheka wembamba wa miguu ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alipokuwa amepanda mti, Mtume (s.a.w.) aliwaambia kwamba miguu hiyo ni mizito zaidi katika mizani kuliko mlima wa Uhud. Imam Ahmad ameipokea. Kama mwili mwembamba umelindwa na kicheko, mwili mnene umelindwa vilevile.

Ukitaka mfano wa kumfundisha mtoto kula, uko kwa Umar bin Abi Salama (r.a.). Alikuwa mtoto katika malezi ya Mtume (s.a.w.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka sinia nzima. Mtume (s.a.w.) hakumfukuza kwenye sinia wala hakumwaibisha. Alimfundisha mambo matatu mafupi: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mtoto yule alisimulia mwenyewe alipokuwa mkubwa kwamba ndivyo alivyokula tangu siku hiyo. Angalieni, waliokula naye walikuwa kwenye sinia moja. Hakutengewa sahani ya mgonjwa.

7. Tufanye nini?

*Nyumbani.* Chakula kibadilike kwa familia nzima, kwani mtoto anayepikiwa peke yake atajiona ameadhibiwa. Soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 au zaidi, sawa na vijiko saba hivi vya chai. Ikiondoka ikaja maji, umefanya kazi kubwa bila gharama, tena umebakiza fedha. Chumvi ya mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate chini ya hapo. Chumvi isikae mezani, na vile vidonge vya mchuzi vihesabiwe kuwa ni chumvi. Maharage, dodo, matoke ya kuchemsha, ndizi mbivu, papai, dagaa walioroweshwa kutolewa chumvi, vyote viko sokoni kwetu na si vya matajiri. Hadithi ya Miqdam (r.a.) kwa Tirmidhi, ya kuligawa tumbo theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi, ifundishwe kwa vitendo, kwa sahani ndogo na kula polepole.

*Asinyimwe chakula.* Mtoto anakua. Mara nyingi lengo si kumpunguza kilo, ni kuusimamisha uzito mpaka urefu uukute. Yule mvulana wa mfano wetu akifika miaka 12 akiwa na urefu wa mita 1.50 na kilo zake zilezile 45, hesabu yake inashuka kutoka 23 hadi 20. Ametoka kwenye unene uliokithiri bila kupoteza hata kilo moja. Msimfungishe mtoto Jumatatu na Alhamisi ili akonde. Dawa za presha nazo huamuliwa na daktari, wala asipewe vidonge vya bibi yake.

*Shuleni.* WHO inashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za kujishughulisha kila siku. Wengi wetu tunajua darasa la saba lilivyo: kuanzia alfajiri hadi usiku ni dawati na mitihani ya majaribio, na kipindi cha michezo kimechukuliwa na hesabu. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kuuliza kipindi hicho kimekwenda wapi.

*Madrasa.* Hapa ndipo penye mikono yetu. Tuwagawie watoto tende, ndizi na maji badala ya soda na biskuti. Tuwaache wacheze dakika 20 kabla ya Adhuhuri. Na mara mbili kwa mwaka tuwaombe wenzetu wa tiba waje na mzani, kipimo cha urefu na mikanda ya saizi za watoto, tuandike namba katika daftari, na kila mtoto apimwe faragha.

Yule kijana wetu wa tajwidi bado anahudhuria kliniki. Presha imeshuka kiasi, haijafika pale daktari anapotaka. Mama yake sasa anamchemshia mayai badala ya kumkaangia. Kwa biashara anaendelea na chapati zake, kwani ndizo zinazolipa ada, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwa hilo. Jumamosi mtoto huja madrasa kwa miguu pamoja na wenzake wawili, badala ya bodaboda.

Maswali ya kujadili kwenye darsa

1. Msichana wa miaka 9 ana kilo 40 na urefu wa mita 1.30. Fanyeni hesabu, kisha mwombeni mwanafunzi wa tiba awasomee jedwali la umri wake.

2. Kuna tofauti gani kati ya israfu ya mtu mzima na ulaji wa mtoto, kwa upande wa hukumu?

3. Baba anakataa mwanawe asipimwe, akisema presha ni ugonjwa wa wazee. Mtamjibu kwa dalili zipi, na kwa adabu ipi?

4. Madrasa yenu iliwagawia watoto nini katika hafla ya mwisho? Nani alichagua, na kwa fedha kiasi gani mngeweza kugawa kitu kingine?

Namuomba Allah awahifadhi watoto wetu, awape wagonjwa shifaa, na atuwezeshe kuilinda amana tuliyopewa kabla ya kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.